Jinsi ya kusoma mistari ya sifa katika Lycidas

Insha nyingi kuhusu Lycidas, shairi la maombolezo la John Milton, mshairi Mwingereza wa karne ya 17, huharibikia mstari wa 70, ule unaosema kuwa sifa ndiyo mchokoo unaoiamsha roho safi. Mwanafunzi huunukuu peke yake, kisha akahitimisha kuwa Milton anahimiza watu wasake umaarufu. Kumbe hoja inaanza mstari wa 64 na kuishia wa 84. Soma yote 21 kwa sauti kabla hujashika kalamu, tena katika chapisho lenye namba za mistari na tanbihi.

Jua pia lilikotoka shairi. Edward King, aliyesoma Cambridge na Milton, alizama Bahari ya Ireland Agosti 1637. Shairi likachapwa 1638 katika kitabu cha kumwomboleza. Milton alilitunga akiwa na miaka 28, bado hajapata jina. Kwa hiyo swali la mstari wa 64 linamhusu yeye pia: kuna faida gani kukesha na ushairi, wakati wengine wanajistarehesha kivulini na wasichana?

Sasa tenganisha sauti. Piga mstari wa wima katikati ya mstari wa 76. Kabla yake anayenena ni mchungaji wa kondoo, sura aliyojivika mshairi, naye analalamika. Baada yake anajibu Phoebus, yaani Apollo, mungu wa ushairi. Wengi hupotea hapa, maana machapisho mengine hayana alama za kunukuu na jibu linaingia ghafla: uzi mwembamba wa uhai unakatwa, "lakini si sifa". Kitenzi cha kukata ni kilekile, hakirudiwi. Usipokiona, jibu la Apollo litakuwa maneno yanayoelea tu.

Anayekata uzi naye mwangalie vizuri. Katika visa vya Wayunani, mwenye mkasi ni Atropos, mmoja wa miungu wa kike watatu wanaopanga majaliwa ya watu. Milton ameweka Fury, pepo wa kisasi, tena kipofu. Msomi wa kiwango chake hakukosea. Kifo hiki kinakata kwa hasira bila kutazama.

Halafu pigia mstari maneno ya sifa na tuzo: "fame" (umaarufu), "guerdon" (tuzo), "praise" (sifa), "rumour" (uvumi), "meed" (tuzo inayostahiliwa). Hilo la mwisho lina siri. Limetokea kwanza mstari wa 14, ambapo tuzo ya marehemu ni machozi ya wimbo wa wanadamu. Mstari wa 84 tuzo inatoka mbinguni, kwa hukumu ya Jove, mkuu wa miungu. Katikati kuna "foil", bati jembamba ambalo sonara huliweka chini ya kito ili king'ae zaidi. Basi sifa ya dunia, kwa Apollo, ni mng'ao wa kuazima.

Usiandike kwamba hapo ndipo shairi linapofikia uamuzi. Lina mistari 193, na ule wa 87 unakiri kuwa sauti hiyo ilikuwa ya daraja la juu kuliko wimbo wa wachungaji, ambao unaendelea.

Kwa mazoezi, chukua House of Fame, shairi la Chaucer, Mwingereza wa karne ya 14, kitabu cha tatu. Majina yamechongwa kwenye mwamba wa barafu: upande mmoja yameyeyuka, upande wa kaskazini yamehifadhiwa na kivuli cha ngome. Uliza yaleyale: nani anagawa sifa, na kwa mizani gani? Utakuta Fame mwenyewe ni mungu wa kike, na watu wenye stahili sawa anawapa majibu tofauti.