Kuzamia Komoro ukitokea Kisumu au Nakuru: anza kupanga na siku ya kurudi

Wanachama wenzangu, wengi mmeuliza namna ya kupanga safari ya kuzamia kwenye visiwa vya volkano. Nimechagua Komoro. Visiwa hivi viko jirani, viza hutolewa ukitua Moroni, mji mkuu, na Kishikomori ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, kwa hiyo sokoni hutapotea. Miongozo mingi ya kuzamia huandikwa kwa mtu anayeishi usawa wa bahari. Sisi tunaishi juu: Kisumu ni mita 1,130 hivi, Nakuru ni kama 1,850. Hilo linabadilisha ratiba nzima.

Hatua ya 1: Panga siku ya kurudi kabla ya siku ya kwenda.
Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo sawa na la hewa yote inayotulemea tukiwa ufuoni. Ukipumua hewa ya mtungi huko chini, gesi ya naitrojeni huingia mwilini kwa wingi, kisha ukitoka majini inachukua saa nyingi kuisha kupitia mapafu. Ukipanda mahali pa juu, ambako shinikizo la hewa ni dogo, kabla haijaisha, inageuka mapovu ndani ya damu na misuli. Dalili zake ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu na miguu kukosa nguvu. Mtu anaweza kupooza.

Ndiyo maana mzamiaji hukatazwa kupanda ndege mapema. Ukizamia mara moja tu, subiri angalau saa 12. Ukizamia siku kadhaa, angalau saa 18. Mimi nawasihi mchukue saa 24 kamili, kwa sababu safari yetu haiishii kwenye ndege. Ukitua Nairobi uko mita 1,600 juu, na ukirudi Kisumu kwa barabara ya Mau Summit unapita zaidi ya mita 2,400. Kwa hiyo siku ya mwisho kisiwani iacheni kavu kabisa: tembeeni mji wa kale wa Moroni, nunueni karafuu na vanila.

Hatua ya 2: Mlima kwanza, bahari baadaye.
Kila anayefika Ngazija, kisiwa kikubwa chenye mji wa Moroni, hutamani kupanda Karthala, volkano hai yenye urefu wa mita 2,361. Pandeni siku za mwanzo. Mtu aliyezamia asubuhi akaanza kupanda Karthala jioni anajiweka kwenye hatari ileile ya ndege, tena akiwa mbali na daktari. Kupanda halafu kuzamia hakuna shida hiyo. Ulizeni pia hali ya mlima kabla ya kwenda. Ulilipuka 2005, 2006 na 2007.

Hatua ya 3: Cheti.
Cheti cha kwanza cha uzamiaji hukuruhusu kufika mita 18, cha pili mita 30. Masomo ya bwawani na ya baharini mnaweza kumaliza Diani au Watamu. Mtahiniwa huogelea mita 200 bila kupumzika na kuelea dakika 10, jambo ambalo bwawa lolote la hoteli hapa Kisumu linatosha kulifanyia mazoezi.

Hatua ya 4: Msimu.
Mvua na vimbunga huja wakati wa kaskazi, Novemba hadi Aprili. Kimbunga Kenneth kilipiga Komoro Aprili 2019. Kusi huleta ukavu, na kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wenye nundu hupita kisiwa cha Mwali kuzaa. Kisiwa hicho kina hifadhi ya baharini, na kasa hutaga mayai ufuoni Itsamia. Kama ni safari moja tu maishani, nendeni Agosti.

Hatua ya 5: Pesa, dawa, bima.
Bebeni euro taslimu na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kinga ya malaria zungumzeni na daktari, mkimwambia wazi kwamba mnazamia: dawa ya kinga iitwayo meflokwini huleta kizunguzungu kinachoweza kufanana na dalili za mapovu. Bima iwe inayotaja kuzamia na kusafirisha mgonjwa kwa ndege, kwa sababu visiwa vidogo vingi havina chumba cha shinikizo cha kutibia mapovu. Mavazi ya heshima nje ya ufuo. Ni nchi ya Waislamu.

Hatua ya 6: Uijue bahari yenyewe.
Ngazija ni kisiwa kichanga kijiolojia. Mwamba wake una vitundu vingi, mvua hudidimia moja kwa moja, na hakuna mto wa kudumu unaomwaga matope baharini kama Mto Nyando unavyofanya kwenye Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Ndiyo sababu maji ni maangavu. Lakini uangavu huo unadanganya macho: mteremko wa volkano huendelea chini ya maji, na hatua chache kutoka ufuoni ukuta mweusi unashuka kwenye kiza. Mtu anaangalia samaki, akija kutazama kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kupima kina, ameshapita mita 30. Kubalianeni kina cha mwisho kabla ya kuingia, na mtu na mwenzake wasiachane. Vaeni viatu vya majini, lava hukata.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naweza kufanya mazoezi ya mtungi hapa Dunga badala ya kulipia Pwani? (Kisumu)*
Hapana, ndugu yangu. Ziwa Victoria lina kichocho, viboko na mamba, na maji ni machafu kiasi kwamba hutaona mkono wako. Mwanafunzi anahitaji kumwona mwalimu wake.

*Nikizamia Diani Jumapili mchana, naweza kupanda basi la usiku nirudi Nakuru kazini? (Nakuru)*
Usifanye hivyo, dada. Tahadhari ya ndege inahusu mwinuko wa kuanzia mita 600 hivi, na ukishapita Voi umefika hapo na bado unapanda. Treni na gari binafsi ni yaleyale. Zamia mwisho Jumamosi asubuhi, usafiri Jumapili jioni.

*Je, kuja baharini moja kwa moja kutoka Nakuru kuna madhara? (Njoro)*
Hakuna. Kushuka ndiko salama, unaweza kuzamia siku hiyohiyo ukiwa umelala vizuri.

*Kijana wangu ana selimundu lakini anapenda sana maji. Tufanyeje, mwalimu? (Kakamega)*
Mama, mwenye ugonjwa wa selimundu asizamie na mtungi. Upungufu wa oksijeni na baridi vinaweza kumletea maumivu makali akiwa chini. Aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, au mwenye pumu, aonwe kwanza na daktari anayeelewa uzamiaji. Akikubaliwa na daktari wake, kijana anaweza kuelea juu ya matumbawe na maski, maji yakiwa ya vuguvugu, akiwa amekunywa maji ya kutosha.

*Tutamwona gombessa? (Kisumu)*
Samaki huyo wa kale, silikanti, alivuliwa kisiwa cha Nzuani, hapohapo Komoro, mwaka 1952, lakini huishi zaidi ya mita 100 chini, mchana akijificha mapangoni mwa lava. Msimfuate. Moroni kuna makumbusho yenye mmoja aliyehifadhiwa, na siku ile kavu ya mwisho inatosha kumtembelea.