Namna ya Kuchagua Mahali pa Likizo Ufaransa Ukiwa na Mtoto Mdogo

Mzazi anayepanga kutoka Kampala kwenda Ufaransa na mtoto wa mwaka mmoja na nusu au miaka miwili kwa kawaida huanza na mnara wa Eiffel, kisha huongeza Disneyland, halafu fukwe za Nice, na kabla hajalipia chochote huwa tayari ana ratiba ya miji mitatu kwa siku kumi. Ratiba hiyo inawafaa watu wazima. Mtoto wa umri huo anajua saa ya kula, usingizi wa mchana, mahali pa kukimbia bila kushikwa mkono na maji ya kuchezea, na akikosa hivyo hakuna mtu katika familia atakayefurahia chochote. Ushauri wangu, kwa hiyo, ni kwamba mahali pachaguliwe kwa kufuata mchana wa mtoto tangu anapoamka hadi anapolala, na pawe mahali pamoja tu, isipokuwa safari inazidi wiki mbili.

Anza na njia, kwa kuwa ndiyo inayopunguza orodha upesi. Safari nyingi kutoka Entebbe hupitia Addis Ababa, Doha, Istanbul, Brussels au Amsterdam, na mtoto hushuka Ulaya akiwa amelala vipande vipande. Ukiweza, kata tiketi itakayokufikisha uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, nje kidogo ya Paris, ambao una kituo cha treni ya kasi ndani yake, kwenye jengo la 2. Kutoka hapo treni huenda moja kwa moja Lyon, Nantes, Lille, Strasbourg na Marseille bila msafiri kulazimika kuingia Paris. Lyon ni mwendo wa takriban saa mbili, Nantes takriban saa tatu, na mtoto aliye chini ya miaka 4 hupakatwa bila nauli au hulipiwa kiasi kidogo ili apate kiti chake. Kwenye ndege utaratibu ni tofauti: anayepakatwa ni mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, na akitimiza umri huo mkiwa bado safarini, wakati wa kurudi atahitaji kiti chake mwenyewe. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kurudi kabla ya kulipa.

Kuvuka Paris siku ya kuwasili ni jambo ambalo ningeliepuka kabisa. Stesheni nyingi za metro ya mji huo zilijengwa zamani na hazina lifti, kwa hiyo mzazi hulazimika kukunja kigari cha mtoto, kukishika kwa mkono mmoja, kumbeba mtoto kwa mkono wa pili, na kupanda ngazi huku mfuko wa nepi ukimning'inia begani na watu wenye haraka wakimpita pande zote mbili. Mstari wa 14 una lifti katika stesheni zake zote, na mabasi huingia kigari bila kukunjwa, lakini hayo yanamsaidia aliyeamua kukaa Paris, si anayepita akiwa na masanduku. Kukodi gari pia kunahitaji kufikiriwa kwa makini. Wafaransa huendesha upande wa kulia wa barabara, na dereva aliyezoea kushoto hapaswi kujifunza hilo siku ya kwanza akiwa amechoka. Zaidi ya hayo, sheria yao inataka mtoto aliye chini ya miaka 10 aketi kwenye kiti maalumu kinachomfaa. Mahali pazuri, basi, ni pale ambapo duka, bustani na maji yanafikika kwa miguu.

Sasa maji, ambayo ndiyo sehemu yenye tofauti kubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria hana mazoea ya kupwa na kujaa, ilhali pwani ya Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, hasa karibu na Saint-Malo, ina mojawapo ya tofauti kubwa zaidi za kupwa na kujaa barani Ulaya, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, huweza kuzidi mita 12. Maji yakipwa, ufuko huwa uwanja mpana wa mchanga na madimbwi yenye kaa wadogo, ambao mtoto ataupenda sana, lakini mzazi lazima awe na jedwali la saa za maji na arudi mapema kabla hayajajaa. Bahari ya huko ni baridi hata kiangazi, na mtoto wa Kampala hatakaa ndani kwa muda mrefu.

Kusini zaidi kwenye Atlantiki, fukwe za Landes na Gironde ni nzuri kwa macho na ni hatari kwa mtoto. Mawimbi ni makubwa, na mchanga hufanya mashimo marefu yanayobaki na maji ya utulivu wakati wa kupwa. Yanaonekana kama bwawa lililotengenezwa kwa ajili ya watoto, lakini maji yanapoanza kujaa, shimo hilo hupata mlango wa kutokea na mkondo huvuta kila kilichomo kuelekea baharini. Kwa familia yenye mtoto asiyejua kuogelea, ningeliacha eneo hilo lote.

Bahari ya Mediterania karibu haina kupwa na kujaa, na maji yake ni ya vuguvugu. Hata hivyo ufuko wa Nice ni wa mawe, si wa mchanga, na mtoto anayejifunza kutembea huanguka kila hatua. Upande wa Languedoc, magharibi zaidi kwenye pwani hiyohiyo, kuna mchanga mrefu usio na mteremko mkali, lakini Julai na Agosti joto linaweza kupita nyuzi 35, jambo ambalo Kampala, pamoja na jua lake lote, ni nadra kulijua kwa sababu ya mwinuko wake.

Kwa asiyependa bahari, mji wa Annecy, kwenye milima ya Alps, una ziwa lililozungukwa na milima, lenye sehemu za kuogelea zinazolindwa na waokoaji, na Lyon, iliyo njiani, ina bustani ya Tête d'Or yenye hekta 117, twiga ndani yake, na kiingilio cha bure. Popote utakapokwenda, chagua ufuko wenye waokoaji, tazama rangi ya bendera inayoonyesha kama ni salama kuogelea, na soma matokeo ya vipimo vya usafi wa maji ambayo sheria inataka yabandikwe hadharani.

Kama ningelazimika kutaja mahali pamoja tu, ningetaja Nantes. Msafiri akitoka upande wa kaskazini wa stesheni, bustani ya mimea iko mbele yake, ng'ambo ya barabara tu, kwa hiyo mtoto aliyefungwa kwenye kiti kwa saa tatu anaweza kukimbia kwenye nyasi kabla hata ya kuitafuta nyumba. Kwenye kisiwa cha mto Loire kuna tembo wa mbao na chuma mwenye kimo cha mita 12, aliyeanza kutembea mwaka 2007, ambaye hubeba abiria mgongoni na kuwarushia maji watazamaji kwa mkonga wake. Kumtazama akipita hakulipiwi, na kwa mtoto wa miaka miwili kutazama kunatosha. Siku ya bahari mnapanda treni kwa takriban saa moja hadi La Baule, ghuba pana yenye mchanga laini na maji yanayoongezeka kina polepole, kisha jioni mnarudi kwenye kitanda kilekile. Mji una hospitali kubwa ya chuo kikuu, nami nitaeleza baadaye kwa nini hilo lina uzito kwetu.

Anayetaka Paris kwa vyovyote vile achague mtaa ulio karibu na bustani na aifanye bustani hiyo kuwa kitovu cha siku. Bustani ya Luxembourg ina bwawa ambamo watoto husukuma mashua ndogo kwa fimbo, na Jardin des Plantes ina bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1794. Disneyland inaweza kusubiri, kwa kuwa michezo yake mingi mikubwa ina kipimo cha urefu.

Wakati wa kwenda huamua mengi kama mahali penyewe. Tofauti ya saa si tatizo, maana kiangazi Ufaransa iko nyuma yetu kwa saa moja tu. Tatizo ni mwanga: mwezi Juni jua la Nantes huzama baada ya saa nne usiku, na mtoto aliyezoea giza la saa moja na nusu hakubali kwamba ni usiku. Hakikisha nyumba ina vifuniko vinavyofunga madirisha kwa nje. Kwenye tangazo neno la kutafuta ni volets. Mimi napendelea mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba, ambapo kwa kawaida shule zetu huwa katika likizo ya muhula wa pili, watoto wa Ufaransa wamerudi au wanarudi darasani, bei hupungua, na jua huzama kabla ya saa tatu usiku.

Chukua nyumba yenye jiko badala ya hoteli. Mikahawa mingi hutoa chakula cha mchana kati ya saa sita na saa nane, kisha hufunga jiko hadi saa moja jioni, na mtoto mwenye njaa saa kumi na moja hana pa kwenda. Unga wa wimbi wa uji unaweza kusafiri nao. Nyama na maziwa ya kawaida haviruhusiwi kuingia Ulaya, ila maziwa ya unga ya watoto yanaruhusiwa hadi kilo 2. Nyumba ikiwa na bwawa la kuogelea, uliza lina kinga gani, kwa sababu sheria ya mwaka 2003 inadai uzio, kengele, kifuniko au paa.

Kuhusu hospitali: homa ikimpata mtoto katika majuma ya kwanza baada ya kuondoka Uganda, mwambie daktari mara moja kwamba mmetoka katika nchi yenye malaria, kwa sababu daktari wa Ufaransa huenda asiifikirie kwanza. Namba ya dharura ya matibabu ni 15, na 112 hufanya kazi Ulaya nzima. Ndiyo maana nyumba ya kijijini, hata iwe nzuri kiasi gani, ipimwe pia kwa umbali wake kutoka hospitali.

Mahali pakishaamuliwa, weka nafasi kwenye nyumba inayokubali kughairi bila malipo, kisha uombe viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, kwa Ufaransa hata kama ndege inatua Brussels, Ubelgiji, kwa kuwa nchi mtakayokaa siku nyingi ndiyo inayopokea maombi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Mtoto anahitaji pasipoti yake, cheti cha kuzaliwa, ridhaa ya wazazi wote wawili na bima ya angalau euro 30,000, lakini aliye chini ya miaka 6 halipiwi ada. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ichukuliwe pia, kwa sababu wakati wa kurudi Entebbe hudaiwa kwa kila aliyezidi mwaka mmoja.