Taa za trela zinagoma? Anza na arthi kabla hujakata waya hata mmoja

Wakuu, hii ni kwa madereva wa semi na vijana wa gereji wanaoanza umeme wa magari, maana kwenye maegesho ya malori unakuta kitu kilekile kila siku, taa za nyuma haziwaki, fundi kashika koleo anakata waya na kuunga upya, balbu zimebadilishwa zote na tatizo bado lipo palepale. Trela lisilo na taa usiku ni hatari kweli, anayeshuka mlima Kitonga nyuma yako gizani hakuoni mpaka ameshafika kwenye bampa, kwa hiyo hili sio jambo la kubahatisha.

Kwanza jua ugonjwa uko kwenye kichwa (gari la mbele linalovuta) au kwenye trela. Njia rahisi kuliko zote ni kuomba kichwa kingine, unachomeka plagi yako pale kwa dakika mbili tu, taa zote zikiwaka basi trela lako halina tatizo, rudi kwenye kichwa chako uangalie fyuzi na soketi. Zikigoma na huko, shughuli iko kwenye trela au kwenye ule waya wa springi unaounganisha, na huo waya wa springi usiusahau, unakatikia ndani karibu na plagi pale unapojikunja kila ukikata kona, kwa nje mpira unaonekana mzima kabisa.

Malori yetu mengi ni 24V na plagi ya kawaida ya taa ina pini 7, namba zimeandikwa ndani ukiifungua. Namba 1 ni arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, waya mweupe. 2 parking (taa ndogo za usiku) ya kushoto, mweusi. 3 indiketa ya kushoto, njano. 4 breki, nyekundu. 5 indiketa ya kulia, kijani. 6 parking ya kulia, kahawia. 7 ni bluu, matumizi yake yanategemea trela. Ila trela lililopita kwenye mikono ya mafundi wengi rangi zake usiziamini, fuata namba ya pini. Na ile plagi nyingine ya ABS, ya breki zisizofunga tairi, iache, hii tunayoongelea ni ya taa tu.

Sasa arthi, hapa ndo wengi wanapotea. Dalili zake ziko wazi ukizijua: ukikanyaga breki indiketa inafifia, ukiwasha indiketa ya kushoto na parking zinapepesa, au taa zote zinawaka kwa mbali kama zina usingizi. Umeme umekosa njia ya kurudi kwa hiyo unarudi kupitia balbu nyingine. Kujua kwa uhakika chukua waya mrefu mnene, upande mmoja kwenye negativu ya betri ya kichwa, upande mwingine kwenye chasisi ya trela pale ulipokwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Taa zikikolea, umeshapata jibu. Fungua bolti ya arthi ya trela, piga msasa chuma na kiatu cha waya (kile kichuma cha mwisho wa waya kinachofungwa na bolti), funga na washa ya meno, halafu angalia pini namba 1 pande zote mbili. Usitegemee arthi ipite pale trela linapokalia kichwa, pale pamejaa grisi, leo inapita kesho haipiti.

Kuhusu malti mita, inakudanganya ukipima bila mzigo. Waya uliobakiwa na unywele mmoja wa shaba utasoma 24V safi kabisa, ukiweka balbu unalala. Ndo maana testa bora ni balbu ya 24V ya 21W kwenye kishikio chake na waya mbili, ikiwaka kwa nguvu kati ya 1 na 4 breki ikiwa imekanyagwa, laini ni nzima hadi hapo, sogea mbele. Ikiwaka kwa unyonge fungua soketi uangalie kutu ya kijani, na zile pini zenye mpasuko katikati zitanue kidogo sana na kisu chembamba ili zibane.

Fyuzi ikikata usiweke kubwa zaidi, wala kipande cha waya, utachoma gari. Chomoa fyuzi, ile testa yako iweke mahali pake, washa laini husika. Shoti, yaani waya uliochubuka unaogusa chuma, ikiwepo balbu inawaka kwa nguvu zote na fyuzi huzimalizi dukani. Chomoa plagi ya trela, ikizimika au kufifia sana shoti iko nyuma, rudisha plagi na mwambie mwenzako aangalie testa wakati wewe unatikisa waya kipande kwa kipande, hasa unapopita kwenye ukingo wa chasisi, karibu na springi za tairi, na kwenye zile taa ndogo za pembeni ambazo hugongwa mara kwa mara.

Balbu yenyewe: ya breki na parking ina nyuzi mbili, 21W na 5W, na vile vichuchu vyake vya pembeni havilingani kimo, ukilazimisha kuingiza kinyume unakanyaga breki parking ndo inakolea. Soma pia maandishi, ya 12V kwenye lori inaungua muda huohuo. Na kama umeweka LED indiketa ikaanza kupiga haraka haraka, flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa, inadhani balbu imekufa kwa sababu LED inakula umeme kidogo.

Ukishamaliza, maungio yote yachomwe risasi na kuvishwa ule mpira unaonywea kwa moto, tepu peke yake mvua ya kwanza tu inaingia. Halafu jaribu vyote kwa pamoja, parking, breki na hazadi (indiketa zote mbili pamoja), mtu akiwa nyuma anaangalia, kisha sogeza lori taratibu ukikata kona kushoto na kulia taa zikiwa zinawaka, ikipepesa hata moja rudi kwenye waya wa springi.