Kichina kwa muvi moja tu

Wadau mnaojifunza Kichina, achaneni kidogo na zile muvi za kung fu, tafuteni To Live ya mwongozaji wa China Zhang Yimou, ya 1994. Inaanzia miaka ya 40, vita vya wenyewe kwa wenyewe, inapita 1958 watu wanakusanya vyuma majumbani hadi masufuria eti wayeyushe wapate chuma cha pua, kisha Mapinduzi ya Utamaduni (ile kampeni ya Mao ya kufuta mambo ya kale), na yote unayaona ndani ya familia moja.

Sasa usiikazanie yote, chukua kipande kimoja. Kuna pale baba kambeba mwanae mgongoni anamwambia kifaranga kikikua kinakuwa bata bukini, bukini anakuwa kondoo, kondoo anakuwa ng'ombe. Kwa Kichina wanyama hao ni ji, e, yang, niu. Sentensi ni ileile inabadilika mnyama tu, kwa hiyo rudia, stopisha, sema kwa sauti hata wa chumba cha pili wakushangae, sabtaitoli weka za Kichina. Mtoto anauliza baada ya ng'ombe je? Baba anajibu ukomunisti. Mwishoni mjukuu anaambiwa maneno yaleyale, ila ukomunisti haumo tena. Hapo historia nzima imeshaelezwa bila mwalimu.