Benchi la Kabari kwa Mbao Mbili za Paini: Mwongozo kwa Fundi

Mteja akikwambia anataka fanicha ya kisasa isiyoharibu mazingira, kwa kawaida anafikiria mbao zimetoka wapi. Swali hilo ni la haki, na sisi wa Mufindi, Njombe na Mbeya tuna jibu zuri kuliko wengi, kwa sababu paini yetu ni ya kupandwa. Ila mimi naanza na jambo jingine: kiungo. Kitanda au meza iliyogongwa misumari na kujazwa gundi kila kona, siku mguu mmoja ukivunjika yote inaenda jikoni kuwa kuni. Fanicha inayofunguka hubadilishwa kipande kimoja, na maisha yanaendelea.

Tena watu wetu wanahama. Mwalimu anapangiwa Makete akitokea Iringa mjini, muuguzi anatoka Tukuyu kwenda Mafinga, na wote wanaishi vyumba vya kupanga vyenye milango myembamba. Fanicha ikifunguka na kufungwa kamba kama mzigo wa mbao, inaingia kwenye buti la basi. Isipofunguka, inauzwa kwa bei ya kutupa au inaachiwa mwenye nyumba.

Benchi hili linakaa mlangoni au sebuleni: watu wawili wanaketi juu, viatu vinakaa chini. Linatoka kwenye mbao mbili tu za mbili kwa sita, futi 12. Limefungwa kwa kabari mbili na skrubu nne.

Hatua ya 1: Kuchagua mbao

Paini nyingi ya kwetu inatoka shamba la Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, na kwenye mashamba ya watu binafsi yanayolizunguka. Ukinunua, omba risiti, na kama unasafirisha hakikisha mzigo una TP, yaani kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Hayo si makaratasi ya kumridhisha askari wa kizuizi cha barabarani tu. Ndiyo njia ya kumwonyesha mteja kwamba mti wake ulivunwa kihalali.

Kisha geuza ubao uangalie kichwa chake. Ukiona kiini cha mti kiko katikati, yaani ile duara ndogo kabisa ya pete, uache. Mbao zilizo karibu na kiini zilikua mti ukiwa mchanga, nazo hupinda na kujikunja zikikauka hata ungezipanga vizuri namna gani. Tafuta ubao wenye pete zilizobanana. Vifundo vidogo vilivyoshikamana havina shida. Kifundo cheusi kinachocheza ukikisukuma kwa kidole kitadondoka.

Mbao za dingdong, yaani zilizopasuliwa kwa mashine ndogo za kuhamahama, ni nafuu, lakini pima unene kichwani, katikati na mwisho. Mara nyingi unakuta tofauti ya milimita kadhaa, na ukiziranda mpaka zilingane, unene uliolipia unabaki chini kama takataka.

Kuna mbao moja naomba usiiguse kabisa kwa kazi hii: ile ya kijani iliyotiwa dawa kwa ajili ya kupaulia. Dawa inayotumika sana kwenye mbao hizo ina shaba, kromiamu na arseniki. Juu ya paa inafanya kazi yake vizuri. Kwenye benchi ambalo mtoto analikalia na kuligusa kwa mdomo, haifai. Na mabaki yake yasichomwe jikoni, kwa kuwa arseniki inabaki kwenye majivu na nyingine inatoka na moshi.

Hatua ya 2: Kukausha

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha. Ubao wa inchi mbili uliotoka kupasuliwa hauwi tayari kwa wiki mbili za jua. Panga mbao juu ya matofali, futi moja na nusu kutoka chini, kila safu itenganishwe na vijiti vya unene mmoja, na vijiti vyote vikae mstari mmoja juu hadi chini. Funika juu kwa bati, pembeni acha wazi. Upepo ndio unaokausha. Jua kali linapasua vichwa, kwa hiyo vipake vichwa rangi ya mafuta iliyobaki stoo.

Ukipanga mwanzoni mwa kiangazi, Mei au Juni, unakuwa na miezi mikavu mpaka Oktoba. Kwa wenzetu wa maeneo ya ukungu ya Mufindi au upande wa Rungwe, mambo yanakwenda polepole zaidi. Paini mbichi ikilundikwa bila vijiti inashika madoa ya bluu kwa haraka. Madoa hayo hayapunguzi sana nguvu ya ubao, lakini yanaharibu sura, na mteja hatakuelewa.

Huna mashine ya kupimia unyevu? Tumia mzani wa dukani. Kata kipande kimoja kutoka katikati ya ubao wa akiba, usikate kichwani, kisha kipime kila wiki na uandike uzito juu yake kwa penseli. Siku uzito unapoacha kushuka kwa wiki tatu mfululizo, mbao zako zimefikia hali ya hewa ya hapo ulipo. Baada ya hapo ziingize ndani ya karakana zikae wiki mbili zaidi kabla ya kuzikata.

Hatua ya 3: Kukata

Ukishapiga randa pande zote, mbili kwa sita hubaki kama milimita 44 kwa 142. Vipimo vyote hapa chini vinafuata hapo. Kama zako zimebaki 42, rekebisha matundu, usilazimishe.

Ubao wa kwanza: vipande viwili vya kukalia, milimita 1,200 kila kimoja, na mhimili mmoja wa 1,120, yaani ubao unaounganisha miguu miwili. Ubao wa pili: vipande vinne vya miguu vya 400, na viwili vya rafu ya viatu vya 870. Kipande kinachobaki usikitupe, kitatoa vitako vinane, yaani vipande vidogo vya kushikia kikalio na rafu.

Benchi likisimama litakuwa na kimo cha milimita 444, kiwango ambacho mtu mzima wa kawaida anakaa nyayo zikiwa zimetulia chini. Kwa shule ya awali punguza miguu ifike 260 na uache rafu, maana haitapata nafasi chini ya mhimili.

Hatua ya 4: Miguu

Kila mguu ni vipande viwili vya 400 vilivyosimama na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, upana wa 284. Tundu la kupitishia mhimili linakaa katikati kabisa, yaani penye maungio. Basi usiunganishe kwanza ukaja kuhangaika na patasi kutoboa milimita 44 za paini. Kata nusu ya tundu kwenye kila kipande kabla ya gundi.

Fanya hivi: weka vipande viwili mbavu zikitazamana, pima milimita 66 kutoka juu uchore mstari, halafu pima 156 uchore wa pili. Kati ya mistari hiyo chimba kina cha milimita 22 kwenye kila kipande. Msumeno mara mbili kwenye mistari, mara nyingine tatu katikati, kisha patasi inatoa mabaki kwa urahisi. Vikikutana unapata tundu la 44 kwa 90, safi kuliko ambalo ungelitoboa. Hapo hapo chini kata mkunjo wa kimo cha 30, nusu kila upande, ili mguu usimame kwa ncha mbili. Sakafu za saruji haziko sawa, na mguu bapa unayumba.

Sasa paka gundi nyeupe ya maji, bana kwa klampu au kwa kamba ya mpira wa tairi iliyokazwa kwa kijiti, acha usiku kucha. Hii ndiyo gundi ya muundo mzima, pamoja na ile ya vitako. Nyuzi zote zinaelekea upande mmoja, hivyo mguu ukivimba au kusinyaa unafanya hivyo kwa pamoja wala haupasuki.

Vitako: kutoka kwenye masalia kata vipande vinne vya urefu wa 40 kufuata nyuzi, kisha pasua kila kimoja katikati. Gundisha viwili upande wa ndani wa kila mguu vikilingana na ukingo wa juu, kimoja kila upande wa tundu, na vingine viwili chini, juu yake pakiwa milimita 60 kutoka sakafuni. Nyuzi za vitako nazo zisimame wima.

Hatua ya 5: Mhimili na ndimi zake

Mhimili una urefu wa 1,120. Kutoka kila kichwa pima 124 ndani na uzungushe mstari kwa skwea pande zote nne. Hapo ni begani. Punguza milimita 27 juu na 26 chini, ubaki na ulimi, ile ncha inayopita kwenye tundu la mguu, wa kimo cha 89, huku mhimili kati ya mabega ukibaki na upana wote wa 142. Ulimi mfupi kuliko tundu kwa milimita moja unatosha, kwa sababu ukija msimu wa mvua ulimi utavimba kwa kimo na lazima upate pa kuendea. Unene, hata hivyo, ubane. Uingie kwa kusukuma kwa kiganja, usitake nyundo.

Mabega yawe sawasawa kabisa. Nguvu ya benchi kutoyumba inatoka hapo: upana wa 142 wa bega ukikandamizwa kwenye mguu ndio unaozuia benchi kulala upande.

Hatua ya 6: Tundu la kabari

Taratibu hapa. Pitisha ulimi kwenye mguu mpaka bega liguse, kisha kwa penseli kali chora mstari kwenye ulimi penye uso wa nje wa mguu. Utaona ulimi umechomoza milimita 80. Toa.

Tundu la kabari linapita wima kwenye ulimi, upana milimita 14, katikati ya unene. Ukuta wake wa ndani usianzie kwenye mstari uliochora. Uanzie milimita 3 nyuma yake, upande wa bega. Sababu ni kwamba kabari inapaswa kusukuma uso wa mguu, isije ikagota kwenye ukuta wa tundu lake yenyewe. Tundu likianzia mstarini, kabari itajaa tundu, nyundo italia kama imekaza, na bega litabaki na mwanya unaopitisha karatasi. Hizo milimita 3 ndizo zinazoruhusu mguu kuvutwa mpaka mwisho.

Ukuta wa nje ndio wenye mteremko: juu uwe milimita 32 kutoka mstarini, chini 21. Hiyo ni kama moja kwa nane, mteremko ambao kabari inakaza na haitoki yenyewe, lakini ukiigonga kutoka chini inafunguka. Nyuma ya tundu panabaki karibu milimita 50 za mbao hadi mwisho wa ulimi. Usipapunguze, maana paini hukatika kufuata nyuzi zake na kabari ingeking'oa kipande hicho chote.

Toboa kwa drili ya 12 kutoka juu na kutoka chini, matundu yakutane katikati, halafu maliza kwa patasi.

Kabari zenyewe zisiwe za paini. Tumia mlingoti (mkaratusi) mkavu, mwati, au kipande cha mninga kilichobaki kwenye kazi ya mlango. Urefu 140, unene 13 na nusu, upana juu 35 na chini 18. Ukuta unaogusa mguu ubaki wima, mteremko uwe upande wa nje tu. Na kwa kuwa kabari imesimama, kiangazi mbao zikisinyaa uzito wake na mtikisiko wa watu wanaokaa huishusha kidogo, na kiungo kinajikaza.

Hatua ya 7: Kuunganisha

Ingiza mhimili kwenye miguu yote miwili, gonga kabari kwa nyundo ya mbao, laza rafu juu ya vitako vya chini bila kuifunga, kisha weka vipande vya kukalia juu na mwanya wa milimita 8 katikati. Skrubu za inchi mbili na nusu zinapita kwenye vitako kutoka chini, moja kwa kila kona. Tundu kwenye kitako liwe pana kuliko skrubu ili ubao upate kucheza. Kati ya rafu na mhimili panabaki kama milimita 114, kiatu cha kawaida kinapenya. Anayetaka kuficha vitu vidogo, vikapu vya milulu vya Iringa vyenye umbo la chini vinakaa vizuri pembeni ya mhimili.

Hatua ya 8: Kumalizia

Msasa namba 120, kisha 180, basi. Kwa rangi napendelea mafuta ya linsidi na nta ya nyuki: sehemu nne za mafuta kwa moja ya nta, vikiyeyushwa kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto za Selsiasi 62 hadi 64 hivi. Paka kwa kitambaa, subiri nusu saa, futa yote yaliyobaki juu. Rudia kesho yake. Vanishi inang'aa zaidi, lakini ikichubuka lazima uikwangue yote, wakati hii mteja anajipakia mwenyewe pale palipochakaa.

Vitambaa vyenye linsidi usivikunje ukavitupa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe usiku karakana ikiwa imefungwa. Vitandaze nje kwenye kamba au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Pumba na randa za kazi hii hazina dawa, wafugaji wa kuku wanazipenda.

Kabla ya kukabidhi, piga chapa kwa patasi upande usioonekana: mkato mmoja kwenye mguu wa kushoto na ulimi wake na kabari yake, mikato miwili upande wa kulia. Mpe mteja na kabari moja ya akiba, umwonyeshe mara moja jinsi ya kuigonga kutoka chini. Kama anahamia Dar au Tanga, mweleze kwamba mbao zitavimba kwa hewa ya pwani, hivyo afike, aache vipande wiki moja ndani ya nyumba vikiwa vimefunguliwa, ndipo aunganishe.