Jinsi ya kumfanya mzee akusimulie sheli za zamani

Ukitaka stori za sheli za zamani hapa Mwanza usianze na bei, mzee atakwambia tu "mafuta yalikuwa bwerere" basi imeisha. Anzia pale yalipokosekana, baada ya vita vya Kagera vya 1978-79, foleni za madumu, na ile marufuku ya gari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana, hapo atafunguka mwenyewe. Bei ikija muulize lita ilikuwa sawa na sato wangapi au nauli ya Magu, maana shilingi ya enzi hizo ukiilinganisha na ya leo unajidanganya. Za sasa rahisi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila mwezi. Afu kaa na wazee wawili, mmoja awe alikuwa dereva wa lori, watabishana weee ndo utapata vitu.