Kumkinga Paka na Mbwa Unapougua UVIKO-19

Ukithibitika kuwa na UVIKO-19, uwe Mtwara au Lindi, jitenge na wanyama wako kama unavyojitenga na watu, kwa kuwa virusi vya korona huweza kutoka kwa binadamu na kumwingia mnyama, na paka huambukizwa kwa urahisi kuliko mbwa. Mwombe ndugu asiyeugua awalishe. Asipokuwepo, vaa barakoa na unawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuwahudumia. Usilale na paka wala usimpe mabaki ya samaki uliyemla. Kamwe usimpake spiriti, maana atailamba na kudhurika. Kumfukuza ni ukatili usio na sababu, kwani ni nadra amwambukize binadamu. Akikohoa au akisusa chakula, mpigie daktari wa mifugo kabla ya kumpeleka.